Meneja ananiambia nisubiri, na barua ya kazi nyingine iko mkononi

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Mtanzania, naishi na mume wangu California, eneo la Bay Area. Tulikuja miaka michache iliyopita baada ya kushinda ile bahati nasibu ya grini kadi. Nyumbani nilisoma biolojia ya molekuli na baioteknolojia pale Mlimani. Huku nilianza na kazi ya kulea wazee kama wengi wetu, usiku natuma maombi, mpaka siku moja dada mmoja wa wakala wa ajira akanipigia: kuna kazi ya maabara kwenye kampuni kubwa ya baioteknolojia, unaweza kuanza Jumatatu? Jina la kampuni silitaji, ila ukilisema mbele ya watu huku hakuna atakayeuliza ni kampuni gani hiyo.

Nipo kitengo cha udhibiti ubora. Dawa ikishatoka kwenye matangi ya kukuzia seli na kusafishwa, sampuli zinaletwa kwetu. Tunapima usafi wake, nguvu yake, kama kuna uchafu wa protini za seli uliobaki, na bila majibu yetu bechi, yaani mkupuo mmoja wa dawa, haitoki kwenda kwa wagonjwa. Kazi naipenda, Mjomba. Ndiyo niliyosomea.

Shida ni kwamba sijaajiriwa na kampuni hiyo. Mwajiri wangu ni wakala. Beji yangu ni ya njano, za waajiriwa ni bluu. Siku ya mkutano mkuu wenye beji za bluu wanakwenda kwenye hema kubwa uwanjani, wanasikiliza wakubwa, wanakula. Sisi wa njano tunabaki kuangalia mashine. Miezi iliyopita majibu ya bechi moja yalitoka nje ya kiwango, watu wakahangaika, mimi ndiye niliyegundua kwamba bafa, kimiminika cha kudhibiti kiwango cha asidi, ilitengenezwa na pH isiyo sahihi. Nikaandika kila kitu. Ripoti ilipokwenda juu ilikuwa na jina la mwenzangu wa beji ya bluu, na yeye ndiye aliyepewa zawadi. Aliniomba radhi, akasema mfumo wa zawadi hauna majina ya watu wa wakala.

Nalipwa dola 46 kwa saa. Sikukuu silipwi, kampuni ikifunga Desemba silipwi. Bima ya afya ya wakala, mimi na binti yangu, nakatwa dola 410 kwa mwezi. Bechi ikichelewa tunabaki mpaka usiku, hapo napata ovataimu. Mkataba una kikomo cha miezi 18, na imebaki minne. Baada ya hapo natakiwa nikae nje miezi sita kabla ya kurudi.

Meneja wangu ni mtu mzuri kweli. Tangu mwanzo wa mwaka ananiambia, "Tunakutaka, tunalishughulikia, nafasi itafunguliwa robo ya mwaka ijayo." Robo zinapita. Juzi nilimuuliza tena, akanikumbatia, akasema nisiwe na wasiwasi.

Sasa kuna kampuni ndogo upande wa Hayward, ina watu kama mia. Walinihoji, wameniletea barua. Ajira ya moja kwa moja, dola 88,000 kwa mwaka, sikukuu na likizo zinalipwa, bima nitakatwa dola 120 kwa mwezi, wanachangia asilimia 4 kwenye akiba ya uzeeni, bonasi inaweza kufika asilimia 8, na haki ya kununua hisa. Wanataka jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo.

Mume wangu hataki. Anasema nikipiga hesabu dola 46 kwa saa ni karibu 96,000 kwa mwaka, kwa nini nishuke? Na jina la kampuni kubwa litanifungulia milango. Baba yangu, mwalimu mstaafu huko Kilosa, ameshawatangazia watu wote kwamba binti yake ameajiriwa na kampuni kubwa Marekani. Sikuwahi kumwambia habari za wakala. Hata LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, nimeandika nafanya kazi kwenye kampuni hiyo, wakala sikumtaja.

Kuna mengine mawili yananinyima usingizi. Wakati naanza wakala alinisainisha karatasi kwamba sitafanya kazi kwa kampuni shindani kwa miezi 12. Na mwakani tulipanga kupata mtoto wa pili.

Nifanyeje?

Mpwa wako,
Beji ya Njano

—

Marahaba mpwa wangu,

Nenda Hayward. Nakupa jibu kwanza ili usisome barua yote roho ikiwa juu. Kuna mambo mawili matatu ya kuuliza kabla hujasaini, na nitayafikia, lakini kama majibu yake si ya ajabu, nenda.

Tuanze na meneja. Naamini anakutaka, na naamini hasemi uongo. Ila anachokuahidi hakimo mkononi mwake. Kwenye kampuni za namna hiyo mtu haajiriwi kwa sababu bosi wake anampenda. Kwanza nafasi iwemo kwenye bajeti ya idara, watu wa fedha waipitishe, watu wa rasilimali watu waifungue kwenye mfumo na kuipa namba, kisha itangazwe. Ikitangazwa utaiomba kama mtu mwingine yeyote, utafanyiwa usaili, na pengine kuna mtu wa ndani aliyepunguzwa idara nyingine ambaye ana haki ya kutazamwa kabla yako. Juu ya hayo, mkataba kati ya kampuni na wakala mara nyingi unaidai kampuni ada ikikuchukua mapema. Meneja anayesema "tunalishughulikia" anaweza kuwa amefika hatua ya kwanza tu ya safari hiyo, au hajaondoka kabisa.

Kwa hiyo kesho muulize kwa upole, bila kutaja Hayward: "Nafasi imeshapitishwa kwenye bajeti? Ina namba? Inatangazwa tarehe ngapi?" Usimuulize kama wanakutaka, hilo ameshalijibu mara nyingi. Akikupa namba, tuna cha kuzungumza. Akikukumbatia tena, umejibiwa.

Na angalia kalenda. Imebaki miezi minne. Mumeo analinganisha kazi ya Hayward na kazi yako ya sasa kana kwamba zote mbili zipo mwakani. Hii ya sasa mwakani haipo. Ikifika mwezi wa 18 beji inazimwa, na kama ile nafasi haijafunguka unakaa nje nusu mwaka. Kampuni ndogo inaweza kufa, nitalisema hilo mbele, lakini huko ni kuweza. Kwako wewe tarehe ya kutoka imeshaandikwa.

Niseme kidogo habari ya beji, kwa sababu nimeona imekuuma kuliko pesa. Watu wetu wengi wakitengwa hivyo wanadhani ni rangi au lafudhi, wanaingia ndani wanalia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hema, chakula na zawadi chanzo chake hasa ni wanasheria, na ina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Microsoft ilikuwa na watu walioandikwa kama wakandarasi huru huku wakifanya kazi meza moja na waajiriwa, kwa saa zilezile na chini ya bosi yuleyule. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilipochunguza ikasema hawa ni wafanyakazi kabisa. Mwaka 1992 baadhi yao wakafungua kesi, inayojulikana kama Vizcaino dhidi ya Microsoft, wakidai kwamba kama ni wafanyakazi basi walistahili kuingia kwenye mpango wa kununua hisa kwa bei nafuu. Mahakama ya rufaa ikawaunga mkono, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 97 kumaliza shauri.

Makampuni makubwa yakashtuka. Badala ya kusema "basi tuwaajiri", mengi yakajenga ukuta: watu wapitie wakala, beji ziwe za rangi tofauti, kuwe na kikomo cha miezi, mtu wa nje asialikwe kwenye sherehe, asitathminiwe na meneja wa kampuni kwa fomu za kampuni, asipewe zawadi. Kila kitu kinachoweza kumfanya hakimu aseme "huyu alikuwa wenu" kinaepukwa. Kwa hiyo mwenzako aliyekuomba radhi alisema kweli. Ukuta huo haukujengwa kwa ajili yako, na kwa sababu hiyohiyo wema wa meneja hautaubomoa.

Ila ripoti ya bafa ni jambo jingine. Zawadi ni yao, wagawane. Kazi ni yako. Kwenye maabara ya dawa kila maandishi yana saini na tarehe, na ya kwako yamo humo. Mwombe huyo mwenzako akuandikie pendekezo LinkedIn, aseme kwa maneno yake kwamba wewe ndiye uliyeona tatizo. Kama aliomba radhi kwa dhati, hatasita. Hilo lina thamani kuliko kadi ya zawadi ya dola hamsini.

Sasa hesabu za mumeo. Ni za mtu ambaye hajawahi kufanya kazi bila sikukuu. Dola 46 mara saa 40 mara wiki 52 ni 95,680, sawa. Lakini huo ni mwaka usio na Krismasi. Ondoa sikukuu, ondoa Desemba wanapofunga, ondoa wiki mbili za mapumziko ambazo kila mwenye mwili anazihitaji: tuseme siku 26 za kazi. Hapo unabaki na dola 86,112. Toa bima, 410 kwa miezi 12, inabaki 81,192. Hayward ni 88,000, toa bima ya 120 kwa mwezi, inabaki 86,560. Ongeza mchango wao wa asilimia 4 kwenye akiba, dola 3,520, unafika 90,080. Mpaka hapo Hayward inakuzidishia karibu dola 9,000, na bonasi sijaigusa. Usiiguse na wewe. Bonasi ni maneno mpaka iingie benki. Na ule mchango kwa kawaida hauji mpaka na wewe uweke wa kwako, basi usije ukaacha kuweka halafu ukalalamika hawachangii.

Hapa ndipo pana swali la kwanza la kuwauliza, na lisikupite: kazi yao ina ovataimu au haina? California mtu wa kulipwa kwa saa akizidisha saa nane kwa siku analipwa mara moja na nusu. Kwako ni dola 69 kwa saa. Ukiwa unabaki masaa matatu tu ya ziada kila wiki kwa wiki 50, hizo ni dola 10,350, na ile tofauti yote niliyokuhesabia inafutika. Toa hati zako za mshahara za mwaka mzima uone ovataimu yako halisi ni kiasi gani, maana kumbukumbu hutia chumvi. Mshahara wa mwaka usio na ovataimu si kosa, lakini California haimruhusu mwajiri kufanya hivyo kwa kupenda tu: mshahara lazima ufike angalau mara mbili ya kima cha chini cha jimbo, kiwango ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 68,640, na kazi yenyewe iwe ya kitaaluma au ya usimamizi kwa vitendo, siyo kwa cheo cha kwenye karatasi. Mtu anayeshinda na pipeti na foleni ya sampuli anaweza asiingie hapo. Waulize kwa ustaarabu tu: "Nafasi hii ni ya ovataimu au hapana? Bechi zikichelewa watu hutoka saa ngapi?" Jibu la swali la pili ndilo litakalokuambia ukweli.

Swali la kwao la pili ni la fedha zao. Kampuni nyingi ndogo za baioteknolojia hazina dawa sokoni. Zinaishi kwa pesa za wawekezaji, na majaribio ya dawa moja yakifeli, Jumatatu watu nusu hawapo. Kama hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa, ripoti zao za kila robo ni za wazi na zinaonyesha fedha zilizobaki. Linganisha na wanachotumia kwa robo moja, utajua wana pumzi ya miezi mingapi. Kama ni kampuni ya watu binafsi, muulize aliyekuhoji: "Fedha mlizonazo zinawafikisha wapi?" Huku si utovu wa adabu, wanaulizwa kila siku. Wakikuambia mwaka mmoja na nusu au zaidi, mimi ningelala. Wakizungukazunguka, punguza shauku kidogo na uendelee kuwasiliana na wengine. Haki ya kununua hisa kwa kawaida inaiva kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza ukitoka kabla haujaisha hupati hata moja. Isiingie kwenye hesabu za karo za mtoto.

Tuje kwenye ile karatasi ya miezi 12. Ingekuwa jimbo jingine ningekwambia tafuta mwanasheria. California, kifungu cha kumzuia mtu asifanye kazi kwa mshindani baada ya kuondoka ni batili, na ni sheria ya zamani ya jimbo. Kuanzia Januari 2024 wameikaza zaidi: kumsainisha mfanyakazi kifungu hicho ni kosa lenyewe, na waajiri walitakiwa kuwaandikia waliokuwa wamesaini, kufikia 14 Februari 2024, kwamba vifungu hivyo havina nguvu. Kwamba wakala bado anachapisha karatasi hizo kunanionyesha ni wakala wa aina gani. Isikutishe.

Kinachobaki na nguvu ni siri za kazi, na hapo ndipo wazuri wetu wanapojikwaa. Usibebe kitu. Usijitumie baruapepe hata moja yenye utaratibu wa kupima, usipige picha skrini ya daftari la kielektroniki, usihifadhi majedwali "kwa kumbukumbu zangu tu". Kompyuta za hao watu zinaandika kila faili lililotoka, na watu wa usalama huangalia nyuma mtu akishaaga. Ujuzi ulio kichwani ni wako, namna ya kusoma kromatogramu, ile michoro ya majibu ya mashine, hakuna atakayekunyang'anya. Karatasi ziache.

LinkedIn. Mpwa wangu, hili lirekebishe leo, kabla hujalala. Hayward wakishapata sahihi yako watakupeleka kwenye kampuni ya kuchunguza historia. Wao watapiga simu kwenye ile kampuni kubwa, wataambiwa hatuna mwajiriwa wa jina hilo. Watataka hati ya kodi ya mwaka, ile W-2, na itakuwa na jina la wakala. Hapo mtu asiye na kosa anaonekana mwongo, na kuna watu wamenyang'anywa kazi kwa jambo dogo hilo. Andika jina la wakala kama mwajiri, na pembeni useme umepangiwa kampuni fulani, kitengo cha udhibiti ubora. Fanya hivyo hivyo kwenye CV uliyowapelekea, na kama ile uliyotuma imeandikwa vingine, watumie iliyo sahihi sasa kwa maelezo ya mstari mmoja. Kila mtu kwenye fani hiyo anajua habari za wakala. Hakuna atakayekucheka. Na jina kubwa ambalo mumeo analililia unaondoka nalo: miezi 14 ya kazi ya kweli inabaki kwenye CV hata usipokaa siku moja zaidi.

Mtoto wa pili. Pole, hapa kuna kutoa na kupata. Malipo ya ulemavu wa muda na ya kulea mtoto ya California yanatokana na makato yaliyo kwenye hati zako za mshahara, yanakufuata hata ukibadili mwajiri, na hata sasa ukiwa wa wakala unayo. Likizo ya ujauzito yenyewe, mpaka miezi minne daktari akisema huwezi kufanya kazi, haiulizi umekaa kazini muda gani. Lakini ile likizo ya kulea ya wiki 12 yenye kulindiwa nafasi yako inataka uwe umeshamtumikia mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250. Ukihamia Hayward saa inaanza upya. Kwa hiyo kama mambo hayajaanza bado, zungumza na mumeo mhesabu miezi vizuri, huo mpango unaweza kusogezwa kidogo. Kama yameshaanza, hulazimiki kumwambia mwajiri mpya kwenye usaili, na yeye haruhusiwi kukunyima kazi kwa sababu hiyo. Ukibaki ulipo, mkataba unakwisha katikati ya hayo yote, na hiyo kwa mjamzito ndiyo mbaya zaidi.

Baba Kilosa. Mzee wa ualimu anaposikia "ajira" anaona barua ya serikali, muda wa matazamio, kisha unathibitishwa kazini, mtu anastaafu na mafao. Nyumbani hata sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu kabla ya kumwachisha mtu. California, na karibu Marekani yote, hakuna hiyo. Mwajiri anaweza kukuachisha Jumanne bila sababu, ili mradi isiwe sababu iliyokatazwa kama rangi au ujauzito, na wewe unaweza kuondoka Jumanne hiyohiyo. Ajira ya kudumu ya huku ni ajira isiyo na tarehe ya mwisho, basi. Tofauti ni kwamba kampuni yenye watu 75 na zaidi ikitaka kupunguza watu kwa wingi jimbo linaitaka itoe notisi ya siku 60. Wewe wa wakala unapigiwa simu ukiwa kwenye maegesho ya magari.

Mwambie mzee, "Baba, nimepata ajira ya moja kwa moja sasa, ile ya kwanza ilikuwa ya mkataba kupitia wakala." Yote mawili ni kweli, na yeye alifundisha miaka yote hiyo pamoja na walimu wa kujitolea, anaijua tofauti kuliko unavyodhani. Kama ataona aibu kwa majirani, ni ya siku mbili.

Kuhusu mumeo, mpe hizi hesabu azipige mwenyewe na kalamu yake. Usimwambie Mjomba kasema. Mwanaume akipewa hesabu na mtu wa nje ataitafutia kosa, akiipata mwenyewe ataitetea mpaka kwa shemeji zake.

Namna ya kuondoka. Saini barua ya Hayward, lakini usiage mpaka uchunguzi wa historia uishe na wakuandikie tarehe ya kuanza. Kisha muandikie wakala, kwa kuwa ndiye mwajiri wako, siku hiyohiyo umwambie meneja kwa mdomo. Wiki mbili zinatosha, na si lazima kisheria, ni heshima. Uliza wakala bima yako inakoma siku ya mwisho ya kazi au mwisho wa mwezi. Kama ni mwisho wa mwezi, panga siku yako ya mwisho iwe mwanzoni mwa mwezi, utapata wiki kadhaa za bure. Mwajiri mpya anaruhusiwa kuchelewesha bima mpaka siku 90, kwa hiyo na wao waulize inaanza lini. Pengo likitokea una haki ya kuendelea na bima ya zamani kwa muda ukilipa gharama zote mwenyewe, ghali lakini ipo, na binti yako usimwache bila bima hata wiki.

Na jambo moja la pembeni kwa wengine mlio na beji kama ya mpwa wangu na hamna barua yoyote mkononi. Mkataba ukiisha, ninyi mlioajiriwa na wakala kwa W-2 mna haki ya kuomba fidia ya ukosefu wa kazi kwa EDD, idara ya ajira ya jimbo. California inafika mpaka dola 450 kwa wiki. Wengi wetu tunaona haya, tunadhani ni sadaka. Wakala amekuwa akiilipia bima hiyo kwa ajili yenu.

Mpwa, inawezekana ukiaga tu, meneja akapata ghafla ile namba ya nafasi iliyokuwa haipatikani. Hutokea. Akikuletea barua yenye mshahara, tarehe na sahihi ya kampuni, siyo ya wakala, iweke mezani na ile ya Hayward uzipime upya, huna deni kwa yeyote kati yao mpaka siku uliyoanza. Akikuambia ametuma ombi kwa wakubwa, mwambie ahsante sana na uendelee kufungasha. Ila usiichukue barua ya Hayward kwenda kumtishia nayo kabla. Akikuambia "nenda", utakuwa umebakiwa na miezi minne na bosi aliyenuna.

Ijumaa si mbali. Asubuhi piga simu Hayward uulize matatu tu: ovataimu, bima inaanza lini, na fedha zao zinawafikisha wapi. Mengine yote yamo kwenye barua uliyonayo. Niandikie ukishahamia, uniambie beji ya huko ina rangi gani.

Mjomba